Darasa la Viziwi Lilipofunguliwa

Dada yangu aliugua homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza shule. Tulikuwa tunakaa Langas, Eldoret, na baba alikuwa karani kwenye kiwanda cha mbao. Hospitali ya serikali ilimtibu bure, akapona. Lakini siku tuliyomrudisha nyumbani mama alimwita, naye hakugeuka. Mama akachukua mwiko, akapiga sufuria nyuma ya kichwa cha dada. Dada aliendelea kuchezea kitambaa chake.

Baba alimpeleka ofisi ya elimu mjini, nikafuatana nao. Ofisa aliyekaa chini ya picha ya Rais alikuwa mpole, hata akatutafutia viti.

"Mzee, shule za viziwi ni chache na zote zimejaa," alisema. "Serikali inajua. Nafasi ikipatikana mtaitwa."

"Na huyu mtoto afanye nini sasa?"

"Mvumilie tu, Mzee."

Kila mwaka shule zilipofunguliwa baba alirudi kuuliza, mpaka akachoka. Mimi nilivaa yunifomu nikaenda kusoma. Dada alibaki na mama, wakajitungia ishara zao: mkono shavuni ni kulala, vidole mdomoni ni ugali. Ishara ya huzuni hawakuwa nayo. Akilia, tulikuwa tunakisia tu.

Darasa la viziwi lilikuja kufunguliwa katika shule ya msingi karibu na soko. Wakati huo dada alikuwa msichana mkubwa, anauza sukuma wiki na mama. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nawasaidia kubeba mizigo. Tulipopita pale, watoto walikuwa uwanjani wakiongea kwa mikono. Dada akatua kikapu, akashika seng'enge, akakataa kuondoka.

Mwalimu akatoka, akamwambia jambo kwa mikono. Dada alitazama ile mikono, akatazama uso, akajaribu kuiga. Hakuelewa chochote.

"Mama, ungemleta akiwa mdogo," mwalimu alisema. "Sasa amepita umri, siwezi kumpokea."

"Tulimpeleka ofisi ya elimu akiwa mdogo," mama akajibu.

Mwalimu akarudi kwa watoto wake.

Jioni hiyo nyumbani, dada alirudia ishara moja aliyoiona kwa watoto: kidole kifuani, kisha kiganja kinazungushwa hewani. Alitufanyia mmoja baada ya mwingine, akingoja tumjibu. Baba akatikisa kichwa. Mama alimshika mikono yote miwili, akaituliza mapajani mwake. Dada akaichomoa, akaanza tena.