Manyoya ya Bawa Moja

Matokeo ya mashindano ya kimataifa ya badminton yamebandikwa ukutani: nimetolewa raundi ya kwanza. Nafungua kopo la vinyoya vipya, vile vya kupigwa kwa raketi, na harufu ya manyoya inanirudisha utotoni, kijijini Nambilanje.

Jogoo alikuwa amechinjwa kwa ajili ya wageni. Kabla ya maji ya moto nikanyofoa manyoya ya mabawa, nikayachomeka kwenye kipande cha gunzi. Nikakipiga kwa kibao chini ya mikorosho, pale palipofagiliwa ili korosho zikidondoka zionekane. Kikayumba, kikaanguka pembeni.

“Umechanganya mabawa,” bibi akasema. “Haya yamepinda huku, haya kule. Toa yote, weka ya bawa moja.”

Baba mdogo akaja na fagio. “Toka! Hapa ni pa korosho. Mchezo huo utakupeleka wapi?”

Sikutoka. Nikakaa miguuni pake, nikang'oa unyoya mmoja mmoja, nikaanza upya. Nilipokipiga, kilipita juu ya kichwa chake, kimenyooka.

Kocha ananiuliza kama nimesoma matokeo.

“Nimesoma,” namjibu. “Chukua raketi, kocha. Simama upande ule wa wavu.”