Waya Uliowazuia Ngamia Griftu

Sikuondoka Garissa kwenda kutembea. Ngamia wangu arobaini walikuwa wakifa kwa kiu karibu na Griftu, na kisima cha pale mradi mmoja wa maji ulikuwa umekifungia pampu mpya ya umeme wa jua. Shule niliiacha darasa la pili, lakini mali nimeichuma mwenyewe, na niliamini nimeshajua kosa ni la nani: wafugaji wajinga wanaogopa vile vioo vya kunasa jua. Nikawatumia ujumbe wa kuwaambia hivyo, kisha nikapanda lori.

Njiani, Modogashe, tulilala juu ya magunia ya sukari, tukingoja polisi wa kusindikiza malori.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikafika kisimani. Maji yanafurika horini, ngamia hakuna hata mmoja. Wangu wawili walikuwa wameshakufa, na waliobaki walisimama mbali, mbavu nje. Aliyenipokea ni Bi Halima, mjane mwenye kupanga zamu za kunywesha.

"Mnaogopa vioo?" nikamfokea.

"Haji, kioo ninacho. Najitazama kila Ijumaa. Wewe tazama waya."

Waya wa miba wa kulinda vioo ulikuwa umezunguka uwanja wote kando ya hori. Ngamia hunywa, hulala hapo acheue, kisha huinuka anywe tena. Hawa, kwa kukosa pa kulala, walifukuzwa baada ya funda la kwanza kupisha wengine, wakapigana, wakavunjana miguu.

"Mbona hamkuwaambia watu wa mradi?"

"Tuliwachinjia mbuzi. Wakauliza, 'Mmekubali?' Wallahi, utamwambia mgeni hapana na nyama iko mdomoni mwake?"

"Na mimi je?"

"Wewe ulituma matusi. Swali hukutuma."

Nikameza hilo. Nikamuuliza waya ukae wapi. Akachora mstari mchangani kwa fimbo yake, karibu kabisa na vile vioo. Kabla ya alasiri tulikuwa tumeng'oa nguzo na kuzisimika upya, mikono yangu ikitoka damu. Ngamia wakanywa, wakalala, wakanywa tena.

Nilirudi Garissa na lori la mbuzi. Wiki haikwisha, afisa wa mradi akaja dukani kwangu na tai yake, eti nihutubie semina hotelini kuhusu mbinu yangu ya kuwashawishi wenyeji.

"Mzee, una cheti gani?"

"Sina. Niliuliza tu."

Akajaza kurasa tatu za daftari lake, akanishika mkono, akaenda zake. Niliuliza nini, hakuniuliza.