Zipora na gugu linalonusa mizizi ya mtama

Saa moja na nusu asubuhi, Zipora Chidosa anatambaa kwa magoti kati ya mistari ya mtama. Anapekua udongo kwenye kila shina kwa vidole viwili, taratibu, kama anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto.

"Shemeji, umedondosha sindano?" anauliza Obedi, mdogo wa marehemu mumewe, akipita na ng'ombe.

"Pita na ng'ombe wako," anajibu bila kuinua kichwa. "Na wasikanyage huku."

Obedi anacheka. Zipora hacheki. Leo ni siku ya arobaini na tatu tangu apande, na anachokitafuta huchomoza kuanzia wiki ya tano hadi ya saba: kiduha, gugu dogo lenye maua mekundu linalonyonya mizizi ya mtama.

"Likionekana juu, ujue chini limeshakula," anasema. "Mtama unauona wa kijani, unajiuliza, huu ni mzima au unanidanganya?"

Zipora, mjane wa miaka thelathini na minane mwenye watoto watatu, anaishi na mama mkwe wake, bibi Miriam, wilayani Bahi. Shamba lao ni moja tu, ekari mbili za kichanga. Miaka sita iliyopita liliwapa magunia tisa. Msimu wa mwisho kabla hajaacha mtama, lilitoa madebe matatu.

"Mvua ilikuwepo, udongo una unyevu, lakini mtama umenyauka kama umemwagiwa maji ya moto. Wapo waliosema nimerogwa. Na mimi niliamini, sikufichi."

Afisa ugani wa kata, Yasinta Komba, ndiye aliyemweleza kwamba mbegu ya kiduha, ndogo kama vumbi, inaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi bila kuota. Mvua peke yake haiiamshi. Inasubiri harufu.

"Mtama ukikosa rutuba, mizizi yake hutoa kemikali ya kuita fangasi wa udongoni wanaousaidia kupata chakula," anasema Yasinta. "Kiduha nacho kinainasa. Kinajua hapa jirani kuna mzizi, kinaota, kinajishikiza kwenye mzizi. Mtama wenye njaa zaidi ndio unaojitangaza zaidi."

Maelezo hayo hayakumtuliza Zipora. Yalimtisha.

"Hakina macho, hakina masikio, lakini kinajua nimepanda. Nikawa naogopa hata kukanyaga pale."

Kilichomuuma zaidi ni kosa lake mwenyewe. Kila msimu aling'oa kiduha kikiwa tayari na maua, akawapa mbuzi ili kisipotee bure. Kisha akabeba mbolea ya zizini na kuimwaga shambani. Baadhi ya mbegu zilipita matumboni mwa mbuzi zikiwa hai.

"Nilikuwa nampanda adui kwa mikono yangu," anasema. "Na watu walikuwa wananisifu kwa bidii."

Kwa ushauri wa Yasinta, alipanda kunde misimu miwili mfululizo. Mizizi ya kunde huamsha kiduha pia, lakini kikiota hakipati pa kunyonya, kinakufa. Tatizo, kunde bila ugali haziwashibishi watoto. Unga aliutafuta kwa vibarua vya kupalilia, na siku nyingi walikula mlo mmoja.

Mwaka huu amerudisha mtama. Bibi Miriam ametoa sharti: kiduha kikijaa tena, watoto wapelekwe Mkonze kwa Anitha, dada yake Zipora, kabla njaa haijaanza. Wa mwisho, Erica, ana miaka mitatu. Bado hulala ameshika kanga ya mama yake.

Kwenye mstari wa kumi na moja, vidole vinasimama. Jani jembamba, refu kama ukucha, limechomoza kando ya shina. Zipora anafukua. Chini kuna kishina cheupe, na ncha yake imeng'ang'ania mzizi wa mtama.

"Ni chenyewe," ananong'ona.

Hadi saa tano amemaliza mistari yote. Amepata vitatu, vyote karibu na mahali alipokuwa akirundika mbolea ya zizini. Hakuna chenye ua. Anavichoma kwenye kopo, halafu anakwenda nyumbani, alikoketi bibi Miriam akipeta kunde.

"Vingapi?" anauliza mama mkwe.

"Vitatu, mama."

"Vitatu vya kuonekana."

"Ndiyo, mama. Vya kuonekana."

Ungo unaendelea kurushwa.

"Ule mwaka wa mwisho vilijaa hata hatukuhesabu," anasema bibi Miriam. "Watoto wasiende kwanza. Wiki mbili, tuone."

Zipora atakagua kila asubuhi na kung'oa kabla ua halijafunguka. Msimu ujao atachanganya kunde kati ya mistari ya mtama, na samadi ataitoa kwa mbuzi wasiolishwa kiduha tena.

"Bado naogopa," anasema, akimfunga Erica mgongoni. "Lakini mwakani nataka mtama wangu ushibe, unyamaze, kiduha kisijue kama tupo."