Usiamini Mstari wa Kwanza

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo mpaka leo ikinijia naona aibu, ingawa aliyenitoa ujinga siku hiyo namshukuru kila nikimtaja.

Shule yangu iliishia darasa la nne. Walioikatisha ndio walioua watu wa kwetu, na majina yao niliyataja mbele ya gacaca, baraza la kijiji la kuhukumu wauaji, bila kutetemeka. Basi nikajiona mtu wa kumjua mwenye kosa. Kampuni moja ya mtaa wa Kabeza ikaniweka chumba cha seva: kila saa niandike amri ya vmstat, inayoonyesha hali ya mashine, ninakili mstari unaotoka. Nilijua safu moja tu, ile ya prosesa, ubongo wa mashine, kupumzika. Ikionyesha asilimia tisini, naandika daftarini "mashine iko sawa". Na kila siku ilikuwa tisini.

Lakini kila adhuhuri kompyuta za wateja zilikwama. Mkuu wetu, Faustin, akashika daftari langu, akamwita Claudine aliyeandika programu, binti mwenye wadogo watatu wanaomtegemea kule Busanza.

"Mashine haina kosa. Ni programu yako. Kesho usije." Akanigeukia. "Si ndiyo?"

"Ni yeye, shefu."

Hivyo hivyo, mwanangu, bila hata kumtazama.

Mama Solange, fundi aliyekulia Tanzania, alikuwa anasikiliza. Akanivutia kiti.

"Mdogo wangu, mstari huu ni habari za lini?"

"Za sasa hivi, Mama."

"Thubutu! Wa kwanza ni wastani tangu mashine iwashwe. Miezi yote hii unatuandikia historia."

Ilikuwa adhuhuri, kompyuta zimekwama tena. Akaandika amri ileile, akaongeza namba tano mwishoni, ili mstari mpya utoke kila sekunde tano. Wa kwanza ukaja na tisini yake. Wa pili, wa tatu, wa nne: kupumzika kukashuka karibu na sifuri, na safu ya prosesa kuingoja diski ikapanda juu. Mwanamke yule alizisoma namba kama mama anavyosoma uso wa mtoto mwenye homa! Dakika chache akamkuta anayeikaba diski: kazi ya kunakili kumbukumbu zote, ya kufanywa baada ya saa za kazi. Faustin ndiye aliyeihamishia mchana, ili asibaki jioni kubadilisha kanda za kunakilia.

"Shefu, hii umeiweka mwenyewe. Claudine abaki."

Faustin akainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Claudine alibaki. Jioni akiondoka nilimfuata getini kumwomba radhi.

"Kaka," akasema, "ungeniuliza tu."

Namtaja Faustin, na mimi najitaja pia.

Ukipewa namba, mwanangu, uliza ni ya lini na inapima nini. Prosesa ikitulia usiseme mashine ni nzima. Tazama nani anangoja nini. Na mkubwa akikutaka umtaje mwenye kosa wakati hujui, sema hujui. Hakuna aibu hapo. Aibu ninayo mimi.

Imana, Mungu wetu, akupe macho ya Mama Solange, na mtu wa kukukosoa mapema, kabla mwenzako hajafika getini.