Kilichoushika ukuta wa Kasiana

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujainuka mtaani Bombambili, na Kasiana Mbano yuko nyuma ya ng'ombe. Ng'ombe sita wa jirani wanapelekwa malishoni, naye anawafuata hatua chache nyuma, kanga kaipandisha magotini, ndoo mkononi, macho chini.

Mmoja anasimama na kuinua mkia. Kasiana anaongeza mwendo kama mtu aliyeona basi la Tunduru linaondoka.

"Mama Aidani, mboga zako mwaka huu zitatutisha!" jirani anamtania kutoka mlangoni.

"Silimi, nachora," anajibu bila kugeuka. "Na lazima niyapate yakiwa ya moto. Yakipigwa jua hayashiki tena."

Anachokitaka kikiwa cha moto ni mavi ya ng'ombe, na siku hizi anayataja kwa jina lake, kwa sauti, barabarani. Miezi miwili iliyopita asingethubutu, na aibu hiyo nusura imnyang'anye kazi aliyozaliwa nayo.

Kasiana, mwenye umri wa miaka 54, ni mchoraji wa kuta. Rangi ya dukani haijui. Nyekundu yake ni udongo wa kichuguu, nyeupe huichimba bondeni, kijijini kwao Maposeni, nyeusi huipata kwenye magunzi ya mahindi yaliyochomwa na kusagwa. Brashi yake ni vidole, na kijiti alichokitafuna ncha kikawa laini.

Mama yake, Severina, ndiye aliyemfundisha. Kila baada ya mavuno walisiriba nyumba upya na kuchora: nyayo za ndege kanga kuzunguka mlango, mgongo wa chatu chini ya dirisha, kamba ya kisima kutoka pembe hadi pembe.

"Mgeni akifika alijua hapa pana mwanamke mwenye mikono," anasema Kasiana. "Nilipokuwa msichana, nyumba za kwetu karibu zote zilichorwa. Leo nikienda nazihesabu tatu, na moja ni ya mama."

Alipoolewa mjini alikuta kuta za saruji, akakunja mikono. Kwa miaka ishirini na zaidi aliuza vitumbua, na michoro akaichora kwenye vibao vya mninga alivyoviuza kwa nadra, kimoja kwa mwezi, pengine hata hicho hakuna.

Januari mwaka huu kimoja kilimfikia Careen Kapinga, binti wa miaka 29 anayejenga nyumba ya wageni yenye vyumba vinane karibu na stendi. Careen alimtafuta mpaka akampata.

"Shikamoo mama. Nataka ukuta wangu wote wa barazani uwe hivi," alisema, kibao mkononi.

Shilingi laki nne. Kasiana hakuwahi kushika fedha hiyo kwa mkupuo, lakini anasema hakulala kwa sababu nyingine. "Nilifurahi kama mtoto. Kazi ya mama yangu, mjini, watu wote wataiona!"

Hapo ndipo alipoteleza.

Kijijini, kabla ya kuchora, ukuta husiribwa kwanza kwa mchanganyiko wa udongo wa kichuguu, maji ya mlenda na mavi mabichi ya ng'ombe. Kasiana alilijua hilo tangu hajaota meno ya ukubwani. Lakini alipofika pale, akaona vioo, marumaru na mafundi waliovaa viatu vya kung'aa, moyo ukamsinyaa.

"Nilijiuliza, naingiaje hapa na ndoo ya mavi? Wataniona mshamba. Nikanunua gundi ya mbao, nikachanganya na udongo. Ulitoka ukuta mzuri, jamani! Watu wakapiga picha."

Februari mvua zikanyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano Careen alimpigia simu. Kasiana alipofika, nyayo za kanga zilikuwa sakafuni. Ukuta ulikuwa umebambuka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa.

Fundi rangi mmoja aliyekuwepo alicheka waziwazi. "Mama, udongo kazi yake ni kuotesha mahindi."

Watu wawili waliokuwa wamemwahidi kazi wakaacha kupokea simu zake. Careen, ambaye naye alikuwa amekwishanunua ndoo mbili za rangi ya mafuta, alimpa nafasi moja tu: ajaribu tena kabla ya ufunguzi mwishoni mwa Aprili, la sivyo ukuta upakwe rangi ya maziwa na mambo yaishe.

"Nililia," anasema Kasiana. "Si kwa fedha. Niliona kazi ya mama inafia mikononi mwangu, tena kwa kuchekwa."

Alipanda bodaboda hadi Maposeni. Bibi Severina, ambaye sasa macho yake yanaona kwa shida, alimsikiliza mpaka mwisho huku akipukuchua mahindi. Kisha akauliza swali moja.

"Mavi ya ng'ombe uliweka kiasi gani?"

Kasiana akachukua hindi moja, naye akaanza kupukuchua.

"Mayo! Hukuweka?"

"Mama, ni mjini. Niliona aibu."

Bibi akacheka mpaka punje zikamwagika mapajani. "Mwanangu, mficha uchi hazai. Ukuta nao umekuona unaona aibu, ukakuvua nguo mbele za watu."

Kesho yake Kasiana alimwendea Careen na ndoo iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Anasema safari nzima aliomba Mungu binti asiwepo. Alikuwepo.

"Mwanangu, mara ya kwanza nilikudanganya," alimwambia. "Kinachoshika udongo wetu ni hiki." Akafunua.

Careen alitazama ndani ya ndoo, akamtazama Kasiana, akashika kiuno. "Mama, wageni watakunywa chai hapa! Harufu je?"

"Siku ya tatu haipo. Nipe sehemu ndogo tu, pale chini ya dirisha."

Kasiana aliukwaruza ukuta kwa kipande cha tofali, akasiriba, akachora mgongo mmoja wa chatu ungali mbichi, akaondoka. Baada ya siku tano alirudi, akamkuta Careen amesimama na ndoo ya maji. Binti aliinama akaunusa ukuta, akarudi nyuma, akamwaga maji yote kwa mpigo. Akajaza tena, akamwaga tena.

Chatu hakutikisika.

"Mimi nilikulia kwa bibi, sakafu yake ilisiribwa hivi hivi," anasema Careen, akicheka. "Nimelala juu yake miaka saba. Nilikuwa nimesahau tu."

Leo Kasiana anamalizia upande wa mlango. Mvua za Aprili zimeupiga ukuta wiki mbili, na hakuna kilichodondoka hata ukubwa wa punje. Fundi rangi yule alipita jana, akaukwaruza kwa ukucha alipodhani haonekani. Mmoja kati ya wale wawili wa simu amekwishapiga.

Jumamosi bibi Severina ataletwa mjini kwa teksi. "Hataona vizuri," anasema Kasiana, "lakini ataupapasa. Mikono yake itajua." Anafuta macho kwa kiwiko, vidole vimejaa udongo.

Baada ya mavuno anataka kuwapeleka Maposeni wanawake wanne waliomwomba awafundishe, wakae kwa bibi wiki mbili angali ana nguvu za kuwasema. Somo la kwanza halitakuwa rangi. "Watafuata ng'ombe na ndoo, mchana, barabara kuu. Atakayeona aibu arudi nyumbani mapema, asije akaaibishwa na mvua."

Careen anatoka ndani na kibao kidogo cha kupachika kando ya mlango, apate kuwaeleza wageni. "Mama, niandike rangi za asili, inatosha?"

Kasiana anachovya kidole kwenye nyeupe, anaweka unyayo wa mwisho wa kanga, ndipo anapogeuka.

"Andika vyote. Kichuguu, udongo wa Maposeni, magunzi, mlenda. Na mavi ya ng'ombe yaandike ya kwanza, maana ndiyo yaliyoshika hayo mengine."