Ukweli wa Theluji Ulipofika Fordsburg Kwanza

Usiku ule Gaudiose hakulala. Simu aliilaza kifuani, akaitazama kila alipogeuka. Mwanawe Valentin alikuwa juu ya milima ya Drakensberg akiwaongoza watalii, na mwezi huo wa tisa wa 2012, watu wakiwa wameshaanza kuvua makoti, theluji ilikuwa imemwagika huko mchana kutwa. Ujumbe ulikuja mmoja tu: “Niko sharp, mama.”

Sharp, yaani mzima! Hata siku aliyovunjika mkono aliandika hivyo hivyo.

Kulipokucha alitoka kwake Jeppestown akaenda Fordsburg, upande wa pili wa jiji, kwa Mwatumu, Mtanzania muuza vitenge aliyempangisha Valentin chumba cha uani. Mtoto umzae Bujumbura, umbebe mgongoni kwenye ukimbizi, halafu habari zake ukaziombe kwa mwenye nyumba! Lakini Gaudiose alikuwa na macho: mambo ya kweli yalifika Fordsburg kwanza, Jeppestown yakaja yameshachujwa.

“Karibu, Mama Valentin. Mwanetu kanipigia alfajiri.”

“Mwanetu?”

“Haya, mwanao. Kaa, usinile nyama.” Mwatumu alimvutia kiti. “Wapo pangoni, wazima. Watalii wanataka kushuka, ila mteremko haumridhishi. Kachimba shimo aikague theluji. Ya zamani imeganda kama kioo, juu yake imelala mpya iliyorundikwa na upepo. Kaisukuma kwa mkono, ya juu ikateleza yote. Ukikanyaga pale, inakuporomokea.”

Hata shimo analijua huyu! Wivu ulimuuma Gaudiose kuliko hofu.

“Mbona mimi haniambii?”

“Wewe? Mwaka jana alikwambia jiwe limemkosakosa. Ukapeleka jina lake kanisani, kufika Jumapili akina mama wameshaleta unga, wamekaa matanga. Kijana anaingia, anakuta analiliwa!”

Gaudiose hakucheka. Simu ya Mwatumu ikalia. Mwatumu aliitazama, akasita, akamkabidhi.

“Ma Tumu,” Valentin alisema, “jua limewaka, theluji inalainika. Bosi ananihimiza niwavushe.”

Ma Tumu! Naye kawa mama!

“Ni mimi,” alisema Gaudiose.

“Mama… niko sharp.”

“Achana na sharp. Mteremko ukoje?”

Valentin alimwambia yote, na mama yake akauma ncha ya kitenge asipige yowe. Pale pasingepitika. Wangelala pangoni, usiku ugandishe theluji, alfajiri wazungukie mgongoni mwa mlima, njia ndefu.

“Watalii wananung’unika, mama.”

“Wanung’unike. Usiwavushe. Na mimi sitamwambia mchungaji.”

Valentin alicheka kwa mshangao. “Basi nikishuka nakuja kwako.”

Jioni ya siku ya pili yake Gaudiose alikuwa kajifungia chumbani, maharage jikoni, asije akamwambia mtu habari za mlima. Kukaa kimya kulimchosha kuliko kufua.

“Hodi!”

Sauti ilikuwa ya Mwatumu. Nyuma yake Valentin alikohoa. Kumbe kapitia Fordsburg!

“Hodi wenyewe!” Mwatumu alirudia.

Gaudiose alishika ufunguo. Akifungulia mmoja, wataingia wawili.

“Mama, fungua, miguu inaniuma,” Valentin alisema.

Alifungua kiasi cha bega moja, akamkamata mwanawe mkono, akamvuta ndani, akafunga.

Nje, Mwatumu aliangua kicheko, akapiga hodi ya tatu.