Bi Asmaa na Nyota Mbili

Bi Asmaa Muhdhar wa mtaa wa Langoni hushona kofia. Si zile za mashine. Ni za mkono, ambazo moja humchukua miezi mitatu, kitobo baada ya kitobo, kila kimoja akikizungushia uzi mpaka kitambaa kisimame chenyewe. Ameifanya kazi hiyo tangu ana miaka kumi na sita, na sasa ana hamsini na tisa. Husema kofia yataka macho na vidole tu, masikio hayana shughuli. Basi masikio yake ameyapa muziki wa roki.

Sisi majirani tulishangaa zamani, tukachoka kushangaa. Kisa chenyewe ni cha kakake, Musab, aliyekuwa baharia kwenye meli za mizigo. Mwaka 1986 alirudi nyumbani likizo na mkebe wa biskuti, ndani yake mna kanda tatu za kundi la Waingereza waitwao Iron Orchard. Asmaa alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu. Kiingereza hakukijua, na hata leo anachojua ni cha kusomea chupa ya dawa. Lakini kanda zile alizisikiza hadi akazikariri kwa nafasi zake: upande wa kwanza, wimbo wa pili; upande wa pili, wimbo wa nne. Majina ya nyimbo hakuyahitaji. Mwimbaji wao, Desmond Harker, alimwita Dezi, kama mtu wa mtaani. Kanda ikiliwa na redio, aliikunjua polepole na kuirudisha ndani kwa kalamu ya biki. Siku hizi bintiye Huwaida, aliyeko Mombasa, amemtilia nyimbo zote kwenye simu na kumnunulia spika ndogo ya kuweka dirishani.

Mumewe, Bwana Fadhil, mstaafu wa idara ya maji, hapendi gitaa. Waliafikiana mapema: adhana ikiadhiniwa spika inazimwa, na yeye akilala mchana sauti inashuka. Kwa miaka thelathini na kitu mapatano hayo hayajavunjwa na upande wowote.

Mwaka jana Iron Orchard wakatoa albamu mpya, ya kwanza baada ya miaka kumi na minne. Dezi ana miaka sabini na tisa. Mpiga gitaa ana sabini na saba. Mpiga ngoma wa awali amefariki, na mahali pake amekaa mpwa wake, naye ni mtu wa sitini.

Hapa Amu, yaani Lamu mjini, tuna Redio Mkanda, na kila Jumamosi saa nne asubuhi kuna kipindi cha Owen, kijana wa Bungoma, kiitwacho Gitaa za Wazee. Jumamosi ile Owen alicheza nyimbo mbili za albamu hiyo, kisha akasoma kwenye simu yake.

"Gazeti moja la muziki la London limewapa nyota mbili kati ya tano," alisema. "Mhakiki anasema sauti ya Harker imebaki kama mlango unaotaka mafuta, na kwamba ingekuwa heshima kwake na kwetu sote kama angenyamaza."

Bi Asmaa alichomeka sindano kwenye kitambaa, akavua miwani, akachukua simu. Hakuwa amewahi kupiga redioni maishani mwake.

"Hallo, uko hewani. Nani mwenzetu?"

"Mimi Asmaa, wa Langoni. Mwanangu, huyo mtu wa nyota mbili, amesikiza mara ngapi?"

Owen akacheka. "Hiyo hajaandika, mama."

"Albamu imetoka lini?"

"Jana, Ijumaa."

"Na yeye ameandika lini?"

"Aaa… jana hiyo hiyo. Asubuhi."

"Mimi kofia naitazama miezi mitatu ndipo niseme imekaa sawa. Yeye watu wazima wale amewapima kwa asubuhi moja, tena akawaambia wanyamaze? Nani amemfunza adabu?"

Akakata simu. Hakuwahi hata kuvaa miwani, mtu wa pili akawa hewani, mwanamke, sauti ya haraka.

"Naitwa Bochaberi. Mimi ni nesi hapa Amu, leo niko off. Kwanza, wahakiki hupewa albamu mapema, wiki mbili hivi, kwa hivyo hilo la asubuhi moja si kweli. Pili, hawa watu nawasikiza tangu niko mtoto Nyamira, babangu alikuwa shabiki wao sugu. Huyo mama anaongea vizuri, lakini anawaonea huruma. Ukimpenda mtu unamwambia ukweli. Hiyo sauti imeisha. Mimi ningewapa moja na nusu."

"Wooi!" Owen akapiga kelele. "Moja na nusu!"

Simu zikamiminika. Mmoja akasema wazee waheshimiwe. Mwingine akasema kuheshimiwa ni kitu kimoja na kuimba ni kingine. Mkulima wa Kililana akapiga kusema yeye kundi hilo halijui hata kidogo, anaomba achezewe benga.

Adhuhuri Bwana Fadhil alirudi kutoka msikitini, akavua viatu pole pole mlangoni.

"Nimeambiwa mke wangu amegombana na London," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Msikiti mzima." Akakaa. "Nami nikawa wa mwisho kujua."

Bi Asmaa aliona kuwa hilo ndilo lililomuuma, si redio. Akamwomba radhi, akamwambia hata yeye mwenyewe hakujua atapiga mpaka alipopiga. Bwana Fadhil akala chakula chake. Alipokuwa ananawa mikono akasema, "Ungemuuliza na umri wake huyo mhakiki." Yakaisha hapo.

Wiki ile mji ulifurahi naye. Muuza samaki alimwinulia changu mmoja mbele ya watu: "Huyu nyota nne, Bi Asmaa, na ukiniambia tatu siuzi!" Mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba ya jirani walimuuliza ukuta wao una nyota ngapi. Naye Owen alimpigia Jumapili, akamwalika studio Jumamosi inayofuata, yeye na yule nesi. Wasikize albamu nzima majumbani mwao, kisha kila mmoja aje atoe nyota zake na kuzieleza.

Huwaida akainunua albamu na kuituma kwenye simu. Jumatatu asubuhi Bi Asmaa alijifungia chumbani na spika yake. Nyimbo ni kumi. Ulipokwisha wa kumi alikuwa hajashona hata kitobo kimoja.

Nesi alikuwa amesema kweli. Sauti ya Dezi ilikuwa imechakaa, na si mahali pamoja. Wimbo wa tatu aliuona mbaya. Wa sita ulikuwa na ngoma ya mashine, wala hakuelewa nani aliwashauri. Kilichomkera zaidi ni nafsi yake: alikuwa amepiga redioni kumkemea mtu kwa haraka yake, na yeye mwenyewe alikuwa amesikia nyimbo mbili tu. Jumanne alizisikiza zote tena. Zilikuwa vile vile.

Jumatano akapanda boti kwenda Matondoni kwa Musab.

Musab sasa ana miaka sitini na sita. Aliacha meli zamani, anaziba nyufa za mashua za wenzake, na masikio yake yaliharibiwa na injini alizokaa nazo miaka kumi na tisa. Ukitaka akusikie lazima usimame mbele yake. Spika haimtoshi. Aliishika mkononi, akaikandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho, mkono wa pili ukipiga gotini. Alisikiza hivyo albamu nzima huku dadake akimtazama. Kisha akamwambia, "Nirudishie wa tano."

Akausikiza mara mbili.

"Umesikia nini?" Bi Asmaa akamuuliza kwa sauti kubwa.

"Dezi hafiki yuu tena," Musab akasema, akiinua kidole juu.

"Hilo nalijua, kaka. Hata mtoto angejua."

"Ngoja basi. Kila akikaribia pale yuu, wenziwe wamngoja. Mpiga ngoma arudi nyuma kidogo, gitaa lanyamaa. Avuta pumzi, ndipo waendelea. Wewe sikiza hiyo ngoma, usimsikize yeye."

Bi Asmaa akaichukua spika, akaiweka sikioni kama kakake. Ni kweli. Palikuwa na nafasi ndogo mahali ambapo kanda za zamani hazikuwa na nafasi yoyote, na wote walikuwa wakiiacha kwa makusudi, bila mmoja kuharakisha. Kwenye wimbo wa tano peke yake ilikuja mara saba.

"Na wa tatu?" akauliza.

"Wa tatu mbovu," Musab akasema. "Yeo mchana huu wampikia nini shemeji Fadhil?" Wakacheka.

Jumamosi ikafika. Studio ya Redio Mkanda iko ghorofa ya pili ya nyumba kuukuu, chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Feni huzimwa maikrofoni zikiwashwa, kwa hivyo kila mtu alikuwa ametota jasho kabla ya saa nne. Bochaberi alikuwa amekwisha fika. Bi Asmaa alitarajia mtu mkali. Akamkuta mwanamke wa miaka thelathini na nne, mfupi, mwenye mifuko chini ya macho ya mtu aliyetoka zamu, aliyesimama kumpisha kiti kilichokuwa kizuri zaidi.

"Shikamoo mama. Usinikasirikie."

"Marahaba, Sista. Bado hujanipa sababu."

Owen akawafungulia maikrofoni. Bi Asmaa akaomba aanze.

"Jumamosi ile nilimlaumu mtu kwa haraka," alisema, "na mimi nilikuwa sijasikiza yote. Hilo ni kosa langu, nalisema hapa nilipolifanyia. Sasa nimesikiza mara sita. Sista alisema kweli, sauti imekwenda. Wa tatu ni mbaya. Wa sita sitaki kuusikia tena. Wa tisa ni mrefu bure."

"Mama!" Owen akashtuka. "Wewe si ndiwe mtetezi?"

"Mtetezi hasemi uongo. Sasa tucheze wa tano. Naomba tusimsikize mwimbaji. Tusikize ngoma."

Akawaeleza wasikizaji alichoonyeshwa na kakake, akamtaja kwa jina na kijiji. Owen akaucheza wimbo. Bochaberi aliinamisha kichwa, kidole kikipiga meza. Nafasi ile ilipokuja mara ya tatu, kidole kikasimama.

"Rudisha hapo," akasema.

Owen akarudisha. Feni imezimwa, jasho linawatoka, watatu wale wameinamisha vichwa huku mji mzima ukisikiza nao.

"Nimesikia," Bochaberi akasema mwishowe. "Wodini tunafanya hivyo tukimtembeza mgonjwa aliyetoka kitandani. Humvuti. Unasimama anaposimama." Akamgeukia Bi Asmaa. "Lakini mama, huo ni wimbo mmoja. Nyimbo ni kumi."

Bi Asmaa akacheka hadi akafuta macho. "Ni kweli. Ni kumi."

"Nyota basi!" Owen akasema.

"Tatu," akasema Bi Asmaa.

"Mimi natoka moja na nusu, naenda mbili," akasema Bochaberi. "Zaidi ya hapo nitakuwa nadanganya."

"Kwa hivyo London wameshinda?"

"Sista ametoa mbili baada ya kuusikiza wa tano," Bi Asmaa akajibu. "Huyo wa London, Huwaida amenisomea, hakuutaja kabisa. Mbili zao si sawa."

Mkulima wa Kililana akapiga tena. Akasema yeye kundi hilo bado halijui, lakini wimbo ule uchezwe mara nyingine, halafu benga.

Walipotoka, Bochaberi alimsindikiza Bi Asmaa hadi Langoni, na hakuruhusiwa kuondoka bila kula. Alikula mkate wa mofa na samaki wa nazi, akalala usingizi hapo hapo kwenye mkeka kwa uchovu wa zamu, na Bi Asmaa akashusha spika kama anavyoishusha kwa mumewe. Tangu hapo, siku asizokuwa kazini, nesi huyo huja. Bwana Fadhil humwita "yule wa Nyamira", na akimkosa wiki mbili humuulizia. Owen amewapa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kuwa yao, na barua za wasikizaji zatoka mpaka Faza, kisiwa kingine.

Mwezi uliopita zamu ilikuwa ya mwanamama mmoja wa Marekani, mwenye miaka themanini na moja, aliyetoa albamu yake ya mwisho kwa mara ya tatu. Bochaberi alimpa nyota nne. Bi Asmaa alimpa moja, akisema aimba kama mtu aliyeamshwa. Kipindi kilikwisha, lakini wao hawakukwisha. Walipanda ngazi za kwa Bi Asmaa wakibishana, wakafungua dirisha wakibishana, na sisi wa nyumba ya pili tukaacha kuosha vyombo ili tujue atashinda nani. Hatukujua. Bwana Fadhil alipanda na sahani ya bajia za moto, na kwa muda mrefu hapakusikika kitu ila Bochaberi akiuliza kama kuna ndimu.